Aendaye Ng'ambo Ameagizwa Nini?

Kila mwaka balozi za nchi rafiki, na za nchi nyingine ambazo urafiki wao huja na kuondoka, hutangaza nafasi za vijana wetu waliohitimu vyuo kwenda ng'ambo kusoma au kufundisha. Zipo nafasi za Jumuiya ya Madola, zilizoanza kwa makubaliano ya mwaka 1959; zipo za Serikali ya China; zipo za DAAD ya Ujerumani; na zipo za Fulbright za Marekani, mpango ulioasisiwa mwaka 1946 kwa fedha zilizotokana na kuuzwa kwa mali za vita zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Vijana huchaguliwa, hupigwa picha wakipeana mikono na mabalozi, magazeti huziandika habari zao, kisha jambo hilo husahauliwa hadi mwaka mwingine. Sisi leo tunapenda kuuliza swali ambalo picha zile haziulizi: kijana huyo anapopanda ndege, sisi tuliobaki tumemwagiza nini?

Swali hili tunaliuliza tukiwa Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ambayo wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba huijua kwa mchele wake tu. Ni nchi ya tambarare na ya joto, iliyobanwa kati ya milima ya Rungwe kwa upande wa juu, safu ya Livingstone kwa upande wa mashariki, na mto Songwe kwa upande wa magharibi, ambao ndio mpaka wetu na Malawi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na kuingia ziwani, na mvua zikizidi huingia pia majumbani mwa watu. Hapa hulimwa mpunga, kakao, michikichi na migomba. Itungi ni bandari ya ziwani. Matema ni mahali ambapo milima inaishia majini. Hatuyaelezi haya kwa kuipamba wilaya, maana wenyeji wake wanajua kuipamba wenyewe. Tunayaeleza kwa sababu kila moja kati ya hayo, yaani mafuriko, mpunga, kakao, usalama wa vyombo vya majini, ni somo ambalo mtu angeweza kulifuata mahali fulani duniani na kurudi nalo.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kuwa haya ni ya Bara peke yake. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na kijana wa Makunduchi na kijana wa Ipinda huomba nafasi zile zile, hujaza fomu zile zile, na hukwama mahali pale pale. Zamani walikwama kwa sababu tangazo liliwafikia muda wa kuomba ukiwa umekwisha. Siku hizi tangazo hufika kwenye simu ya mkononi siku ile ile linapotoka, iwe Kariakoo, Darajani au Kasumulu. Kinachowakwamisha sasa ni mambo mengine: mtihani wa Kiingereza ambao ada yake huhesabiwa kwa dola, nauli ya kwenda kwenye usaili mji wa mbali, barua ya ruhusa ya mwajiri. Na hiyo barua ya ruhusa ndiyo hasa tunayotaka kuizungumzia, kwa kuwa dola na nauli watu huchangiana, lakini saini ya ofisa haichangiwi.

Tulizungumza na mwalimu mmoja aliyepata kufundisha sekondari wilayani humu, ambaye jina lake na la shule yake hatutayataja. Alikuwa akifundisha Kiswahili na Kiingereza. Aliomba nafasi ya ualimu msaidizi wa lugha katika mpango wa Fulbright, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiwachukua vijana wa Tanzania na Kenya kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi, huku nao wakihudhuria baadhi ya madarasa. Mpango huo hautoi shahada. Masharti ya viza yake humtaka aliyefadhiliwa arejee kwao na kukaa miaka miwili kabla hajaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu wa Marekani. Kwa maandishi, basi, ni mpango wa kwenda na kurudi.

Mwalimu yule alikwenda, akafundisha, akarudi. Alirudi na mambo ya maana: namna ya kumfundisha lugha yetu mtu ambaye hajapata kusikia neno lake hata moja, namna ya kulijenga somo juu ya mazungumzo badala ya kukaririsha ngeli, na daftari nene la makosa ambayo wanafunzi wa kigeni huyarudia kila mara. Hapa nyumbani hakutokea aliyelihitaji daftari lile. Kwa muda wote aliokuwa ng'ambo, kidato chake cha tatu hakikupata mwalimu wa kushika nafasi yake; mwenzake mmoja alibeba vipindi vya watu wawili, navyo vikamshinda. Aliporejea, barua yake ya ruhusa haikuonekana katika jalada, mshahara ulikuwa umesimamishwa, na ilimpasa azunguke ofisi kwa miezi kadhaa kuthibitisha kwamba hakuwa mtoro wa kazi. Kabla ya mwaka kwisha alipata kazi Dar es Salaam kwa watu wa nje, akahama. Hatumlaumu. Kyela ilimpoteza mara mbili, na ile mara ya pili hapakuwa na ubalozi wa kusingiziwa.

Kwenda Ulaya au Marekani kufundisha Kiswahili si jambo jipya, na ndugu zetu wa Unguja ndio waliotangulia. Chuo cha lugha za Mashariki kilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, Wajerumani walihitaji watu wa kuwafundisha maofisa wao lugha ya nchi waliyokuwa wakiinyakua. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko tangu mwaka 1891 hadi 1895. Mwaka 1900 akaenda Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, bingwa wa habari za desturi za Waswahili, ambaye maandishi yake yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903 huku jina la Mjerumani, Carl Velten, likitangulia kwenye kitabu. Wapo wanafunzi waliomdharau kwa rangi yake, naye akaiacha kazi. Mwaka 1904 alifunga ndoa na mwanamke wa Kijerumani. Walipotaka kurejea nyumbani pamoja, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka pwani. Mzee yule akafia Ujerumani mwaka 1927. Leo mambo ni tofauti, na hatutaki kumfananisha kijana wa Fulbright na mtumishi wa dola ya Kaisari. Lakini neno moja halijabadilika: Mtoro aliagizwa na waliomchukua, wala hapakuwa na mamlaka ya kwao iliyompa agizo lolote. Ndiyo maana hata kitabu chake kilianza maisha yake ugenini.

Mabadilishano yana upande wa pili, nao ni wa wale wanaokuja kwetu. Hapo Unyakyusa, yaani nchi ambayo leo ni wilaya za Rungwe na Kyela, una kisa ambacho kila ofisa anayeshughulikia vibali vya utafiti angepaswa kukijua. Mwaka 1934 alifika Godfrey Wilson, kijana wa Kiingereza, kwa fedha za ufadhili wa Rockefeller. Mwaka 1935 akafuata mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, naye akiwa na ufadhili wake. Walikaa na wananchi hadi mwaka 1938, wakajifunza Kinyakyusa, wakaandika kila walichokiona na kukisikia. Waliandika habari za vijiji vya marika, ambamo vijana wa rika moja walijenga na kuishi pamoja. Waliandika habari za ubusoka, sherehe kubwa ambayo kwayo kizazi cha akina baba kilikabidhi utawala kwa kizazi cha watoto wao. Waliliandika neno ukwangala, ambalo ni raha ya kukaa na wenzako kwa mazungumzo mema na adabu, neno ambalo ukiliuliza leo kwa wazee hapa Kyela hutabasamu kabla ya kulieleza.

Kutokana na madaftari yale Monica Wilson alitoa vitabu mwaka 1951, 1957, 1959 na 1977, akawa profesa wa kuheshimika Cape Town, na majina ya Unyakyusa yakasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Madaftari yenyewe yakahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Nyuma ya kazi hiyo alikuwapo karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, kijana wa Kinyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 1938, kabla hata kimoja cha vitabu vile hakijatoka. Ilibidi kungojea mwaka 2013 ndipo wataalamu watoe kitabu kinachoeleza kwa kirefu sehemu yake na ya wakalimani wenzake.

Nasi tulizipita shule kadhaa kati ya Ipinda na Matema tukiwauliza walimu wa historia. Hatukubahatika kukiona kitabu hata kimoja cha Wilson. Mwanafunzi wa hapa anayetaka kujua babu wa babu yake alikabidhiwa vipi kijiji hana budi kupata nauli ya Cape Town. Wala si wageni peke yao walioiacha elimu yetu huko. Dakta Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Mbunge wa Kyela tangu mwaka 2005 hadi 2020, alisomea shahada ya uzamivu Hamburg, na tasnifu yake ilihusu mabadiliko ya Katiba na Muungano wetu, jambo linalowagusa wananchi wa Visiwani pengine kuliko hata wapiga kura wake wa Kyela. Imechapishwa Ujerumani, kwa Kiingereza. Tunalitaja hilo kama jambo la kawaida lilivyo, maana ndivyo zilivyo tasnifu karibu zote za wasomi wetu.

Sasa tuwatazame wale waliokwenda wakiwa wameagizwa, kwa kuwa wapo. Wazee wa Unguja wanamkumbuka Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925. Alisafiri mpaka Hadhramaut kusoma kwa masheikh wakubwa, akarejea, akafungua madrasa Ukutani, na madrasa ile ikatoa walimu waliotawanyika mwambao mzima. Elimu ya namna hiyo hutolewa kwa ijaza, nayo ijaza ni amana: apewaye hupewa ili naye afundishe, na jina la mwalimu wake humfuata popote aketipo. Sisi tuliokaa chuoni na kuandika kwenye mbao kabla ya kuingia shule za Serikali tulifundishwa mapema ile kauli mashuhuri ya kuifuata elimu hata Uchina, ambayo wanavyuoni wana maneno yao juu ya sanadi yake. Vijana wa reli ya TAZARA waliitekeleza kama ilivyo. Reli ile ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kazi ikiwa bado inaendelea, wanafunzi wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli. Hapakuwa na haja ya kuwauliza watarudi kufanya nini. Reli ilikuwa ikiwangojea, na vituo vyake, na injini zake, na karakana ya Mbeya ambako hata mtu wa Kyela hupandia treni. Alama iliyoko pale ni hiyo: waliagizwa kitu kinachoonekana kwa macho, na kiti chao kilikuwa tayari.

Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwaka 1964 juu ya mpango wa maendeleo, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula; akikila na asirudi, basi ni msaliti. Mfano huo umerudiwa mara nyingi mno katika mikutano yetu, na mara nyingi hurudiwa na watu wazima wakiwanyooshea vidole vijana. Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa walirudishwa makwao, na Mwalimu akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sehemu hii ya pili ya habari hairudiwi mara nyingi. Sisi tunaona kuwa mfano ule una upande wa kijiji pia. Kijiji kinachomtuma mtu lazima kimwambie chakula kiko upande gani, kimpe gunia la kukibebea, na akirudi usiku akute mlango una mtu wa kuufungua. Mwalimu wetu wa Kyela alirudi na gunia lake likiwa limejaa. Mlango ndio uliokuwa umefungwa.

Wafadhili hatuwezi kuwaachia kazi hiyo, kwa kuwa wao wana hesabu zao na hawazifichi. Marekani ilipotunga sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi mwaka 1958, ilianza kutoa fedha za Serikali ili vyuo vikuu vyake vifundishe lugha za mataifa mengine, na Kiswahili kikawa miongoni mwake. Iliyafanya hayo kwa faida ya taifa lake, kama inavyopasa kila taifa kufanya. Wafadhili wakiona faida, fedha huongezeka. Wasipoiona, hupunguzwa kwa kalamu, na sisi huku hatupigiwi hata simu. Kwa hiyo ni juu yetu kuamua ni faida gani tunayoitaka sisi katika miezi ile tisa.

Tunawaomba, basi, viongozi wa TAMISEMI, wa Tume ya Utumishi wa Walimu na wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, watoe utaratibu mfupi wa karatasi moja, unaofanana pande zote mbili za Muungano. Mwalimu akipata nafasi ya kwenda kufundisha au kusoma ng'ambo, ruhusa yake iandikwe kabla hajaondoka, nakala ibaki shuleni, na kiti chake kiwekwe kwa jina lake. Darasa lake lipewe mtu. Wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira wako wengi mitaani, na miezi tisa ya kushika nafasi ya mwenzake ingemfaa mmoja wao kuliko miezi tisa ya kubebeshwa abiria wa bodaboda. Na kabla ya safari Halmashauri imkalishe aendaye, imwagize: wewe unakwenda kwenye chuo chenye wataalamu wa kakao, tuulizie hili, wewe unakwenda mahali wanapofundisha lugha, rudi uwafundishe walimu wenzako kumi. Mambo hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu wa kukaa kitako kwa saa moja na mwalimu.

Mahali pa kuitumia elimu hiyo pako karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Mzanzibari wa Mjini, ng'ambo ni jina la mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Kwa mtu wa Kasumulu, ng'ambo ni Karonga, baada ya daraja la Songwe. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule wanasikilizana lugha, wanaoana na kuzikana, na Kiswahili husikika katika masoko ya Karonga. Jumuiya ya SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi wa Agosti 2019 katika mkutano wa Dar es Salaam. Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na UNESCO ilikwisha kuitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likiwaandaa walimu wa kukifundisha kwa wageni. Unguja nako wana uzoefu wa miaka zaidi ya 40 wa kuwafundisha wageni lugha hii, tangu siku za TAKILUKI, uzoefu ambao Bara hatujauchota ipasavyo. Mwalimu aliyerudi kutoka Marekani na daftari lake angeweza kuvuka Songwe siku mbili kwa wiki, akafundisha Karonga, akarudi kulala kwake. Mwalimu wa Karonga naye angekuja Kyela kufundisha Kiingereza. Mabadilishano ya namna hiyo hayangojei ubalozi. Yanangoja makubaliano ya wilaya mbili na barua za wizara mbili.

Limebaki jambo la vitabu. Mtafiti wa kigeni anayetaka kufanya kazi Bara huomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na hutakiwa kuiletea Tume hiyo taarifa ya kazi yake. Visiwani wana utaratibu wao wa vibali. Tunaomba pande zote ziongeze sharti moja, nalo limhusu pia Mtanzania aliyesoma kwa ufadhili wa nje: nakala moja ya tasnifu au kitabu iende wilaya iliyoandikwa habari zake, pamoja na kurasa chache za muhtasari kwa Kiswahili, ikawekwe katika shule moja itakayotajwa kwa jina. Na kwa kuwa hatupendi kuagiza wengine tu, tunaiomba Halmashauri ya Kyela iandike barua Cape Town kuomba nakala za madaftari ya Wilson na Mwaisumo. Vyuo vikuu huzoea kupokea barua za namna hiyo. Nakala hizo zote zikifungwa pamoja hazitazidi uzito wa gunia moja la mchele, na mabasi ya Dar es Salaam hufika Kyela kila siku.